Mkanda wa Gatakaa

Mtaa wa Dallas, Embu
4 Novemba 2024

Kwa Mjomba Mwongera,

Bwana asifiwe, wewe na wote walio hapo Githongo. Mimi nashukuru, nimerudi kazini wiki mbili sasa. Watoto wa jirani bado wananiuliza mama atakuja lini na ndizi, nami nawanunulia za sokoni. Sheila wa kanisa letu alinisaidia kufua nguo za mazishi, maana nilizirundika kwenye beseni nikawa naziangalia tu.

Nimekupigia simu zaidi ya mara ishirini. Kiunga ndiye anayepokea. Ananiambia uko shambani, au umelala, au uko kanisani, Jumatano saa tatu asubuhi. Huyo mwanao hajui kudanganya, Mjomba. Ndiyo maana nimenunua karatasi, na barua hii nimempa Beverlyne anayekuja huku kuchukua mitumba, akuletee mkononi.

Shingo yako inaendeleaje? Usiniambie haina kitu. Gari likigonga, kichwa hurushwa mbele kikarudi nyuma kabla mwenyewe hajajua, na maumivu yanaweza kuchelewa hata siku mbili, tatu. Wengi hupona kwa dawa za maumivu na mazoezi ya polepole, na hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku hapa hospitalini. Lakini wako wachache ambao mfupa wenyewe umevunjika. Hao hutembea, hula, hukaa mbele kwenye mazishi, mpaka siku moja wageuke vibaya. Niambie: vidole vina ganzi? Vitu vinakuponyoka mkononi? Miguu inakutii?

Na usibebe kitu chochote mpaka upigwe picha. Hata ndoo ya maziwa. Narudia, usibebe.

Mpwa wako,
Kaari

Githongo
19 Novemba 2024

Kaari mwanangu,

Barua yako imefika ikinuka mitumba, na mwandiko wako ni wa daktari ingawa udaktari hukufika. Miaka miwili nilikufundisha kuandika darasani, na hii ndiyo asante yangu. Sisi tuko salama. Kahawa imeiva yote kwa pamoja na mikono ya kuchuma haitoshi. Ng'ombe amezaa dume tena. Maxine, mke wa Kiunga, amejifunza kupika githeri ya mahindi na maharagwe isiyo na mawe, tunamshukuru Mungu.

Sasa na wewe nijibu. Ni nani aliyekuambia habari za shingo yangu? Sikumwambia mtu. Siku ya mazishi nilivaa skafu na koti zito, watu wakadhani ni majonzi. Kiunga hajui, Maxine hajui. Wewe mwenyewe tuliposimama kwenye kaburi la mamako uliniuliza habari ya maua tu.

Basi ni kweli, inauma. Inageuka kulia kidogo, kushoto haigeuki kabisa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vina ganzi, na simu iliniponyoka ikaingia kwenye ndoo ya maziwa, ndiyo maana anayo Kiunga. Yatapita. Misheck wa sokoni, yule mnyoosha viungo, atakuja Jumamosi tarehe saba Desemba kuninyoosha.

Kuna jambo lingine dogo. Unaukumbuka mkanda wa ngozi ambao dada yangu Gatakaa, mamako, alibebea kuni kwa paji la uso tangu akiwa msichana. Niliuleta hapa baada ya mazishi nikautundika msumarini nje ya jikoni. Kila asubuhi nikienda kukamua naukuta umelowa. Mvua haifiki pale, paa limeufunika. Juzi niliugusa nikaweka kidole mdomoni. Ni chumvi, kama jasho.

Usimwambie mtu nimezeeka vibaya.

Mjomba wako,
Mwongera

Dallas, Embu
25 Novemba 2024

Mjomba,

Salamu zangu leo ni fupi kwa sababu nina hasira. Niko mzima, stima ilipotea siku mbili, na kwaya wamenichagua kiongozi wakijua vizuri siwezi kuimba.

Misheck asikuguse. Namheshimu, alinirudishia kifundo cha mguu nikiwa darasa la nne. Lakini shingo si kifundo. Ndani ya mifupa yake unapita uti unaopeleka habari mikononi, miguuni, na kwenye pumzi. Hiyo ganzi ni uti unalalamika. Mfupa ukiwa umevunjika na mtu akaupinda, pumzi inaweza kukatika pale pale kwenye stuli, chai ikiwa bado moto. Nimempigia Kiunga azuie. Amesema wewe ni baba yake na hawezi kukufunga kamba.

Namtuma Beverlyne na kola ngumu ya shingo. Kidevu kikae kwenye kile kishimo cha mbele, uikaze, usiivue hata ukilala, halafu uje Embu. Daktari Ndwiga wa mifupa atakupiga picha siku hiyo hiyo, nimeshamwomba.

Utauliza mbona nisije mwenyewe. Siku zangu za likizo ziliishia mazishini. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba sijaweza kupita ile kona ya mto gari lilipogonga, na zaidi ya hapo siandiki.

Nani aliniambia, tuliache. Huo mkanda ufungie sandukuni.

Kaari

Githongo
10 Desemba 2024

Kaari mwanangu,

Wote tunakusalimu. Yule ndama dume amekufa, na Maxine analia kuliko ng'ombe mwenyewe. Barua yako na kola zilifika jana, Jumatatu. Beverlyne alikuwa amelazwa na homa. Kwa hivyo Jumamosi ilikuwa imeshapita.

Misheck alikuja saa nne asubuhi, jua likiwaka. Niliketi kwenye stuli uani. Alipasha mafuta, akanifunga taulo, akasimama nyuma yangu. Akasema, "Mwalimu, pumua." Nikapumua. Nikasubiri anishike. Sikushikwa. Nikasikia anarudi nyuma hatua mbili.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Nani mwingine yuko hapa?"

Nikamwambia ni Maxine tu, yuko jikoni.

"Si Maxine," akasema. "Mahali pa kuweka mikono yangu pana mikono tayari."

Akajifuta mafuta kwa taulo yangu, akaondoka bila kunywa chai. Na Misheck hajawahi kukataa chai tangu nimjue.

Sikutaka kukuandikia haya mengine, lakini sina mwingine wa kumwambia. Maxine aliniuliza nimejigonga wapi. Kwenye kioo nikaona mstari mwekundu kwenye paji langu, upana wa vidole vitatu, kutoka huku hadi huku. Mamako alikuwa nao, unaukumbuka, ule mfereji ambao hata kitambaa cha kanisani hakikuuficha. Mkanda niliufungia sandukuni, ufunguo nikalala nao. Asubuhi ulikuwa msumarini, unadondosha maji.

Na nikitembea kwenda kiwanda cha kahawa, mchana kweupe, yuko anayekuja nyuma yangu upande wa kushoto. Hutembea hatua kumi, kumi na mbili, halafu husimama kupumzika, kama aliyeelemewa na mzigo. Nikitaka kugeuka nimwone, nahisi viganja viwili kwenye shingo. Vina sugu. Havinikabi, lakini kugeuka sigeuki.

Naogopa, Kaari. Anadai kitu na mimi najua ni kitu gani. Embu sitakuja. Kola nimeiweka juu ya kabati.

Hujaniambia nani alikuambia.

Mwongera

Dallas, Embu
14 Desemba 2024

Mjomba,

Sina habari za nyumbani, barua yako imezifuta zote. Nimemsomea Ndwiga sehemu ya vidole na ya kushindwa kugeuka, zile nyingine nilizificha. Alisema, "Huyo mzee aletwe hata kwa machela." Kama ni mfupa umevunjika, kila siku unayotembea bila kola unautikisa. Mkono ukifa leo unaweza kurudi. Ukiuacha miezi, haurudi, na kinachofuata baada ya mkono ni miguu, kisha pumzi. Nimezika mmoja mwaka huu. Sitaki kuzika wawili.

Uliniambia mama alifia ndani ya gari, pale pale lilipogonga. Sikuwahi kukuuliza mara ya pili. Sasa nauliza.

Vaa kola.

Kaari

Githongo
3 Januari 2025

Kaari mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi tulichinja mbuzi, watu wakashiba, mimi nilikunywa supu kwa sababu kumeza kunauma. Mkono wa kushoto umekufa hadi kiwiko. Karatasi hii nimeibana kwa jiwe ili isikimbie.

Mamako hakufia ndani ya gari. Nilikudanganya wewe, nikamdanganya mchungaji, na nilisema uongo huo mbele ya jeneza.

Ile Jumamosi nilikwenda kumchukua Kanyakine kwa pikapu, alale kwetu, kwa kuwa kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani. Alikuwa na gunia lake la mahindi ya kutoa. Kwenye kona ya mto palikuwa na matope. Gari likateleza, likagonga ukingo, likalala upande wake wa kushoto. Tulitoka wote wawili kwa dirisha langu. Tulicheka, Kaari. Alisema shingo imemkaza kidogo. Yangu ilikuwa imelia kama kuni kavu, lakini sikumwambia. Simu yake ilipondwa chini ya mlango, vipande ninavyo mpaka leo. Yangu niliiacha nyumbani ikichaji. Barabarani hapakuwa na mtu.

Akasema, "Hii ni sadaka. Siwezi kuiacha hapa iokotwe." Nikamwambia tungoje lifti. Akasema shingo yake imebeba kuni miaka hamsini, kagari ni kitu gani. Nami nikaamini. Hapa kwetu sote tuliamini shingo ya Gatakaa. Vijana wa kiwandani walikuwa wakiitania kwamba ingevuta lori. Akachuchumaa mbele ya gunia, akaweka mkanda kwenye paji, akasema, "Nitwike."

Ningeweza kulibeba mimi. Lakini shingo iliniuma, na mwanamume wa hapa hapiti barabarani na mkanda kwenye paji, watu wangenicheka mpaka nife. Nikainua gunia, nikamtwika dada yangu.

Alitembea hatua arobaini. Nilirudi siku nyingine nikazihesabu. Kisha akaketi, akaegemea mzigo wake, kama wanavyopumzika wanawake njiani. Nilimwita. Nilitazama saa, ilikuwa saa kumi na dakika tano. Nilimvua mkanda nikauficha ndani ya koti, nikamburuta mpaka garini nikamrudisha mahali pake. Lori la mchanga lilipopita saa moja baadaye na zaidi, nilisema hakutoka.

Hicho ndicho anachokidai. Anataka na mimi nibebe. Jumapili tarehe kumi na mbili atatimiza miezi mitatu. Nitajaza gunia, nitalitoa pale kwenye kona, nitavaa mkanda wake na kulipeleka kanisani mbele ya watu wote. Likiniua njiani, ni haki yake. Usije.

Mjomba wako,
Mwongera

Dallas, Embu
Jumamosi, 11 Januari 2025

Mjomba,

Barua yako nimeipata jana jioni. Hii sitampa Beverlyne. Naileta mwenyewe. Nitashuka pale kwenye kona kesho alfajiri, nitakungoja, na nitakupa uisome nimesimama mbele yako, maana haya kwa mdomo hayatatoka.

Ulitaka kujua nani aliniambia habari za shingo yako.

Tarehe kumi na mbili Oktoba, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, simu yangu ililia. Jina lilikuwa la mama. Nilikuwa na mgonjwa kitandani, mkono wake ukiwa mabegani mwangu. Nikapokea. Hakunisalimu. Na wewe unamjua mama, hata paka wangu angemuulizia hali kwanza. Alisema, "Mjomba wako shingo imevunjika. Nimeishika, lakini asibebe kitu." Sauti ilikuwa ya mtu anayehema, kama amepanda mlima na mzigo.

Nikamwambia, "Mama, niko na mgonjwa, nitakupigia." Nikakata.

Saa mbili ndipo Kiunga aliponipigia kusema amefariki.

Tangu siku ile nilijua hukusema kweli. Nilidhani alikuwa hai pale barabarani, ameumia, akanipigia mimi binti yake ninayetibu shingo za watu, nami nikamkatia simu. Sikukuuliza kwa sababu sikutaka kusikia aliishi dakika ngapi baada ya hapo. Ndiyo maana nilikuuliza habari ya maua. Ndiyo maana sikuweza kupita ile kona.

Sasa unaniandikia kwamba saa kumi na dakika tano alikuwa ameshaketi, na simu yake ilikuwa vipande. Hiyo ni saa moja na robo kabla hajanipigia. Nimeangalia simu yangu mara nyingi tangu jana. Ile namba bado ipo, na saa bado ni ile ile. Nitakuonyesha.

Mjomba, nilisoma barua zako zote upya. Misheck alikuta mikono mahali pa mikono yake. Ukitaka kugeuka unashikwa. Ule mstari kwenye paji lako sijui niuelewe vipi, lakini najua tunavyomshika mgonjwa ambaye hatuna uhakika na mfupa wake: mmoja anasimama nyuma, viganja viwili kando ya shingo, paji linafungwa mkanda ili kichwa kisicheze, na hakuna kumwachia mpaka mwingine aje apokee.

Mama hakudai chochote. Amekushika tangu siku ile, na amechoka.

Weka gunia chini. Kola iko begini mwangu kama hukuja na yako. Ndwiga anatungoja Jumatatu saa mbili.

Kaari

Githongo
22 Aprili 2025

Kaari mwanangu,

Tumesherehekea Pasaka vizuri. Maxine ana mimba, anataka udongo wa kichuguu kila saa, na Kiunga ndiye anayetumwa. Kahawa imechanua kote, shamba zima jeupe. Beverlyne anakusalimu, anasema tumemnyima kazi ya uposta.

Vidole vitatu vinasikia. Cha nne kinasikia moto tu, baridi hakijui. Yale mazoezi uliyoniandikia nayafanya asubuhi na jioni, polepole, bila kulazimisha, na huwa nahesabu kwa sauti kama darasani. Kola niliivua wiki iliyopita kama Ndwiga alivyosema.

Sikuwahi kukushukuru kwa siku ile pale kwenye kona. Nilikuwa nimeshavaa mkanda, nimeshachuchumaa, na nilikuwa nangoja mtu apite wa kunitwika. Ulinipa barua ukasimama mbele yangu nikaisoma. Nilipofika ulipoandika saa ya ile simu, unajua mwenyewe nilivyolia. Lile gunia ulilipakia wewe kwenye pikipiki ya mtu likatangulia kanisani, na mchungaji alilisomea jina la Gatakaa. Kwamba nilidanganya, nimewaambia wazee wa kanisa Jumapili ya Matawi. Wengine hawanisalimu bado. Sawa.

Ndwiga alipoona ile picha, mfupa wa pili wa shingo ukiwa umekatika vipande viwili na vyote vimekaa mahali pake, aliniuliza, "Mwalimu, miezi mitatu nani alikushikia hiki kichwa?" Alikuwa anatania. Wewe ulitazama dirishani, na mimi nikatazama ile picha.

Sasa sikiliza. Tangu siku waliponipasua na kunifunga vyuma shingoni, mkanda haujalowa. Umekauka mpaka ngozi inaanza kupasuka, naupaka mafuta ya ng'ombe. Paji langu halina alama. Jana nilikwenda kiwandani peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilipofika pale anapopenda kupumzika, nilisimama nikangoja zile hatua. Hazikuja. Nikageuka kushoto, nusu, maana nusu ndiyo niliyoachiwa. Barabara ilikuwa tupu hadi kule chini.

Nilikuwa nimeiomba siku hiyo kwa miezi. Nilipoiona nilisimama pale nikamlilia dada yangu kuliko siku tuliyomzika. Nikamwambia, "Gatakaa, tua. Vyuma vimeshika." Halafu nikaendelea na safari, nikitembea taratibu, kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kunishika.

Simu nimeanza kuishika. Nipigie Jumapili baada ya ibada. Lakini simu hii ikilia saa kumi na moja na dakika ishirini, nitapokea hata nikiwa kanisani.

Mjomba wako,
Mwongera